Farasi Katika Sebule Yetu

Nyumba ya wazazi wangu iko Annexe, pale Lubumbashi inapochoka kuwa mji na kuanza kuwa mashamba ya mihogo. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati juu, vyumba vitatu na sebule. Humo nimekua pamoja na farasi wawili. Sisemi farasi waliokaa uani. Nasema farasi walioingia sebuleni kila jioni ya msimu wa mvua na kusimama kati ya kabati na televisheni mpaka kunakucha, na sisi tulikula bukari, ugali wetu, huku mmoja wao akipumua juu ya bakuli la samaki.

Nimeandika hayo na uso umenipata moto, mimi mtu mzima mwenye watoto. Wengine hukumbuka utoto wao wakatabasamu. Mimi nikikumbuka nanusa nguo zangu.

Baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la mgeni mmoja, kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Mgeni yule alipofunga shamba akarudi kwao, farasi wazuri walipata wamiliki wapya. Walibaki watatu wazee ambao hakuna aliyewataka, na ikasemwa wapigwe risasi. Baba akawaomba. Alitembea nao kutoka shambani, kamba mkononi, akawaingiza kwenye lupango letu, kiwanja chetu chenye ua wa michongoma. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Baba alimweleza kwa kifupi tu kwamba hao nao watakaa hapa, akaenda kutafuta beseni la maji.

Msimu wa mvua wa kwanza mmoja alikufa. Kwetu, jua likianza kuzama, usubi hutoka kwenye majani na madimbwi, vijidudu vidogo kuliko mbu. Vikimuuma farasi vinampa ugonjwa mbaya: juu ya macho kunavimba, puani kunatoka povu, na baada ya siku chache mnachimba kaburi lenye ukubwa wa chumba. Kule shambani farasi waliingizwa ndani mapema, na madirisha yao yalikuwa na wavu. Baba akaanza kufyatua matofali ya banda. Lakini mwaka ule ule mimi nilivunja ungo, mama akasema msichana mkubwa hawezi kuendelea kulala sebuleni, na matofali ya banda yakajenga chumba changu. Mimi nikatoka sebuleni, farasi wakaingia.

Mwanzoni ilikuwa ni kwa jioni moja, kisha kwa wiki ya mvua kubwa, kisha ikawa desturi ya nyumba. Baba alipigilia wavu wa mbu kwenye dirisha, akatandika maganda ya mahindi sakafuni, akasogeza viti. Yule mweupe alikuwa na kona yake karibu na kabati, na yule mwekundu alisimama nyuma yake. Walijifunza kuinamisha vichwa mlangoni wasigonge kizingiti. Walikula vitambaa vya kufuma ambavyo mama alivitandika juu ya makochi. Walilamba ukuta mpaka chokaa ikaisha kwa urefu wa shingo zao. Asubuhi mama alizoa mavi kwa sepeto, akamwaga maji, akasugua, akafungua madirisha yote, na bado mgeni akiingia saa nne alikuwa anasita kidogo kabla ya kukaa.

Wageni wenyewe walipungua. Majirani walianza kusema kwamba mtu hawezi kulala na nyama, yaani wanyama, wakubwa namna ile bure, lazima kuna kitu wanamfanyia, lazima wanamletea mali. Mali gani, sijui, maana sisi tulikuwa tunakula ndakala, vidagaa vikavu, siku tano kati ya saba. Shuleni walinishikia pua. Sikumleta rafiki nyumbani hata mmoja. Nilipotembea na baba njiani, yeye akiwa na farasi wake wawili wakienda kula majani, mimi nilipita upande wa pili wa barabara kama mtu aliyetumwa kwingine kabisa.

Wanasema uso umeumbwa na haya. Wa baba yangu niliuona umeumbwa na kitu kingine. Watu walicheka, naye akawasalimia. Watoto walimwita baba farasi, akaitika. Alipotoka kazini, maana baadaye alipata kazi ya ulinzi mjini, aliwasalimia farasi kwanza kisha ndiyo akatusalimia sisi. Nilimpenda, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba Mungu alipogawa aibu baba yangu hakuwepo, na fungu lake nikapewa mimi.

Kwa hiyo nilipompata mchumba sikumwambia. Alikuwa mtu mpole, mfanyabiashara wa vipuri vya magari kama baba yake, ukoo wao umetoka Kasai zamani, watu wa kusoma na wa sakafu ya vigae. Tulikutana mjini. Alipotaka kunisindikiza mpaka nyumbani nilimwambia barabara ni mbovu, ina matope, anishushe kwenye lami. Na kweli ilikuwa na matope. Alinisubiri mwaka mzima kwenye lami.

Lakini kwa watu wake mtu haoi bila kuulizia. Mama yake alikuwa amefariki, na aliyemlea ni dada ya baba yake, ndiye leo namwita mama mkwe. Mama huyo alituma watu kimya kimya wapite mtaani kwetu, wanunue makaa hapa na nyanya pale, wasikilize. Walichosikia unaweza kukikisia. Hakusema kitu. Alitangaza tu siku ya kuleta mahari.

Kwetu sisi watu wa mto Luapula, binti ni wa mjomba kabla ya kuwa wa baba. Mjomba wangu, kaka ya mama, akaja kutoka Kasenga na gunia la samaki wakavu na suti. Yeye ndiye angesema mbele ya wageni. Alipoona sebule alimwambia baba kwamba farasi wataondoka siku hiyo, wafungwe mbali, kwenye kiwanja cha mfyatua matofali mmoja, na kwamba katika mdomo wa mtu yeyote neno farasi lisisikike. Baba akasema sawa. Nilimshukuru mjomba moyoni. Tulimwaga javeli, dawa ya kuua harufu, sakafuni, tukapaka chokaa ile sehemu iliyolambwa, tukaazima viti na vitambaa vya meza. Sebule ikaonekana kama sebule za watu. Niliingia na kutoka kuiangalia tu.

Wageni walichelewa kwa sababu ya mvua. Walipofika, jioni ilikuwa imekaribia. Mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, mpaka niitwe na kuulizwa kama wazee wapokee mali ile au wasipokee. Nilikuwa naona kila kitu kupitia upenyo. Mlango mkubwa ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Salamu zilikwisha, vinywaji vikagawiwa, mjomba akasifia ukoo wetu mpaka nikashangaa ni ukoo wa nani. Ndipo mama mkwe akaweka glasi yake chini.

"Mujomba," akasema kwa adabu zote, "tulisikia mu hii nyumba munalalaka nyama bakubwa mu salon. Ni kweli?"

Mjomba hakupepesa jicho.

"Mama, miye mwenye mutoto ndiye nasema. Mu nyumba ya dada yangu hakuna nyama hata moja."

Baba aliangalia viatu vyake. Mama alianza kupanga glasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali, na mazungumzo yakaendelea, na mimi nyuma ya pazia nikapumua.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kama kutoka kiwanja cha matofali mpaka kwetu. Mjomba alikuwa mtu wa samaki, hakujua kwamba farasi aliyezoea kuingia ndani saa ile hakubali kamba saa ile. Niliwasikia kabla ya kuwaona, kwato kwenye matope, halafu kwenye saruji ya barazani. Yule mweupe akainamisha kichwa vizuri kabisa, akaingia. Kamba iliyokatika ilikuwa inaburuzika nyuma yake. Yule mwekundu akafuata. Walipita katikati ya wakwe bila kumkanyaga mtu, kwa uangalifu wa wenyeji, na yule mweupe akaenda kwenye kona yake. Kwenye kona hiyo alikuwa amekaa baba mkwe wangu mtarajiwa na sahani ya karanga. Farasi akasimama mbele yake akingoja ahame.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga.

"Mujomba," akauliza mama mkwe akiwaonyesha farasi kwa kidole, "bale ni banani?"

Nilitamani ardhi inimeze na chumba changu chote. Kupitia upenyo nilimwona mchumba wangu akiangalia farasi, akiangalia pazia, akiangalia tena farasi, na nilijua sasa anaelewa ile lami ya mwaka mzima. Mjomba alijaribu kusema ni farasi wa jirani. Lakini baba alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshika kamba iliyokatika, anamfuta yule mweupe matope usoni kwa leso yake mpya, na mtu hamfuti hivyo mnyama wa jirani.

Wageni walitoka nje kushauriana. Waliporudi mama mkwe alisema kwamba farasi si kosa, kila nyumba na mambo yake. Kosa ni kusema bongo, yaani uongo, mbele ya mali ya kuolea. Kwao uongo wa namna hiyo hulipiwa faini, na faini hiyo haiwezi kuwa kitu kingine ila kitu chenyewe kilichofichwa. Walitaka farasi mmoja. Nimehudhuria harusi nyingi, nimeona upande wa mume ukitozwa mbuzi, ukitozwa vitenge, ukitozwa kwa kuchelewa na hata kwa kukaa vibaya. Upande wa mke kutozwa sijapata kuona tangu siku ile. Mjomba, ambaye ndiye aliyesema, hakuwa na farasi wa kutoa.

Baba akasema, sawa. Walimchagua yule mweupe, kwa kuwa anafanana na farasi wa kwenye picha. Kisha nikaitwa. Nilitoka nimeinamisha kichwa, na sikuhitaji mtu anikumbushe desturi hiyo. Wakaniuliza kama wapokee, nikasema wapokee. Miguu yangu ilikuwa kwenye maganda ya karanga na kipande cha mavi ambacho hakuna aliyethubutu kukizoa.

Harusi ilifanyika wakati wa kiangazi, nikahamia kwa wakwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: nilivaa kamba yangu, na yule mweupe alivaa yake getini. Kumbe farasi ndani ya nyumba ni aibu, lakini farasi nje ya nyumba ni heshima. Mama mkwe alimwogesha kwa sabuni. Maharusi wa mtaa walikuja kupiga naye picha. Mgeni akifika, baba mkwe alimwambia kwa sauti ya kawaida mno kwamba, ah, yule ni farasi wetu. Baba yangu, siku alipomleta farasi, alikuwa amewaeleza kwa kirefu kuhusu msimu wa mvua, kuhusu jioni na usubi na wavu. Walimwitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtu ambaye umeshaona sebule yake.

Mvua ya kwanza ilinyesha, ya pili, na majani yakaota kando ya mfereji. Nilimwambia mume wangu kwamba farasi lazima aingie ndani kabla ya jua kuzama. Akasema nimwambie mama. Nilimwambia mama mkwe, kwa sauti ndogo, nikiangalia vigae, kwamba labda gereji. Gereji ina gari, akanijibu. Halafu akacheka kidogo na kusema kwamba hayo ni mambo ya kule kwetu Annexe. Hakusema vibaya. Alisema kama anavyomwambia mtoto asilambe sahani. Nilijikuta nacheka naye.

Jioni nilipofanya nilichofanya, mama mkwe alikuwa ameenda kwenye sala. Nilitoka kuanua nguo nikamwona yule mweupe anatikisa masikio bila kupumzika, anapiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Nilipomkaribia niliona usubi umemjaa tumboni na ndani ya masikio. Nilijua maana yake, niliisoma juu ya macho ya yule farasi aliyekufa. Nilisimama pale na beseni la nguo kiunoni nikihesabu aibu mbili, ya farasi sebuleni na ya farasi kaburini, ipi kubwa. Kisha nikamfungua.

Akainamisha kichwa mlangoni, ingawa mlango ule ni mrefu. Kwenye vigae aliteleza, akachanganya miguu, akasukuma meza ya kioo, akasimama katikati ya sebule ile nyeupe akitetemeka. Nilifunga madirisha, nikamfuta kwa shuka safi. Mume wangu alitoka chumbani, akatuangalia mimi na farasi. Hakunikaripia. Alikwenda kufunga geti, akarudi, akavuta mapazia yote, moja baada ya jingine, vizuri, mtu wa barabarani asione. Nilijua aibu anayoisikia. Nilikuwa na mazoezi ya miaka mingi.

Mama mkwe alirudi pamoja na mama wanne wa kwaya, amewakaribisha chai. Sitaeleza nyuso zao. Farasi alikuwa ameshaangusha mavi mbele ya kabati la vyombo, na alikuwa anatafuna maua ya plastiki. Wale mama walisema wamekumbuka shughuli nyumbani, wakaondoka bila kukaa. Mama mkwe alikaa. Alichukua simu, akampigia baba yangu mbele yangu, akamwambia kwa utulivu:

"Papa, kuya kesho kamata bintu byenu. Byote bibili."

Njoo kesho uchukue vitu vyenu, vyote viwili. Nilielewa cha pili ni nani.

Asubuhi baba alifika kwa miguu. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa siku ya mahari, viatu vimejaa udongo mwekundu, na kamba imekunjwa mfukoni ili isionekane, lakini ilionekana. Farasi alikuwa amefungwa tena getini. Alipomnusa baba alilia kwa sauti, akavuta kamba, akanyoosha shingo yake yote. Baba alimpita. Alimpita bila kumgusa, bila kumtazama, kama mtu aliyetumwa kwingine kabisa.

Mimi nilikuwa sebuleni na ufagio. Baba aliingia, hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alichutama mbele ya mama mkwe wangu, juu ya vigae, akainamisha kichwa na kuanza kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama watu wa kwao wanavyopiga mbele ya chifu. Mwenye kutoa mke hampigii mwoaji makofi. Mwoaji ndiye hupiga. Hata mama mkwe, ambaye si mtu wa Luapula, alijua hilo, akashtuka kwenye kiti chake.

"Mama," akasema baba, "munisamehe. Mutoto hana kosa. Ni miye nilimulea mubaya, na nyama mu nyumba. Aibu yote ni aibu yangu. Tangu zamani iko yangu."

Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nilimwona jinsi alivyokuwa akijilazimisha asiangalie mlangoni, kule farasi alikokuwa bado anamwita. Kumbe alikuwepo siku Mungu alipogawa aibu. Kumbe alipokuwa akiwasalimia wale wanaomcheka alikuwa anaisikia kila siku, kila kicheko, na kila mara nilipovuka barabara alikuwa ananiona.

Mume wangu alikuwa dirishani, ameshika pazia.

"Simama, papa," akasema mama mkwe. "Mutoto atabakia. Nyama, mwende nayo."

Baba akaendelea kupiga makofi, sasa ya kushukuru, haraka haraka, na akageuza uso kuniangalia. Macho yake yalikuwa yanacheka kwa furaha. Alikuwa ameniokoa. Aliniashiria kwa kidevu na mimi nishukuru, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo nikipewa kitu na mkubwa. Nikaweka ufagio chini, nikachutama kando yake, nikapiga makofi.